Giaboksi ya 'Bi Mkubwa' ilivyonitoa jasho!

Wiki hii sina habari za mapenzi. Najua wapo walionunua gazeti kwa ajili hiyo tu, basi wanisamehe, wageuze ukurasa. Leo nina kisa cha gari. Tena si haya magari yenu ya kuwasha kwa kitufe na kuweka 'D' halafu mtu anajiita dereva. Ni gari lenye klachi.

Basi bwana, nyumbani kwetu Magomeni, uani chini ya mwarobaini, kulikuwa na Peugeot 504. Marehemu baba alilinunua mnadani mwaka 1991, shirika alilokuwa akifanyia kazi lilipokuwa linauza vitu vyake. Sisi watoto tulilibatiza jina la 'Bi Mkubwa'. Mama hakulipenda jina hilo hata siku moja. Alikuwa anasema bi mkubwa wa nyumba hii ni yeye, na kile kimada cha Kifaransa kinakula hela za baba kuliko yeye na watoto wote sita.

Kwa wale waliozaliwa juzi, 504 ndiyo ile sedani ndefu yenye taa zilizokatwa pembe kama macho ya mtu anayekusuta, na buti lililokunjika kwa nyuma. Wafaransa walilitoa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa Gari la Mwaka huko Ulaya. Lakini sifa zake kwetu hazikutoka Ulaya, zilitoka kwenye vumbi. Lilishinda Safari Rally mwaka 1975, na mwaka 1978 ndugu yake wa milango miwili akashinda tena. Kenya abiria wa safari ndefu walikuwa wakipakiwa kwenye 504 za mgongo mrefu, zenye mistari mitatu ya viti, na Nigeria walikuwa na kiwanda kizima cha kuliunganisha pale Kaduna. Baba akianza hadithi hizo wageni walikuwa wanaaga.

Baba alifariki mwaka 2019. Bi Mkubwa akabaki chini ya mwarobaini, kuku wakahamia siti ya nyuma.

Sasa, mwaka juzi ukakaa ukoo. Ajenda: ule uwanja. Baba mdogo akasema pale lilipokaa gari panatoka fremu tatu za maduka, na kodi yake ndiyo itakayomtunza mama. Hapo sikuwa na la kubisha, hesabu ilikuwa ya kweli, na mimi mwenyewe sina uwezo wa kumtunza mama kwa mshahara wa kuandika mambo haya. Akaendelea kwamba alishampata mnunuzi wa chuma chakavu, anatoa laki saba taslimu, anakuja na mtungi wa gesi, analikata palepale anaondoka na vipande.

"Gari lisilorudi nyuma si gari," akasema, "ni banda la kuku."

Hilo la kurudi nyuma lilikuwa kweli. Gari liliingizwa kwa mbele, limetazamana na ukuta wa jirani, na njia ya kutokea ni kichochoro ambacho mtu mnene anapita ubavu. Ili litoke lazima lirudi nyuma, na ukilitia rivasi lilikuwa linalia 'krrrrr!' hadi mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia. Haliingii ng'o.

Nikasema nalitaka mimi. Kikao chote kikacheka. "Wewe mtoto wa kike, gari la Kifaransa la nini? Si ununue ka-Vitz kama wenzio?" Nikachukia ile mbaya. Nikaomba mwezi mmoja. Likitoka uani kwa miguu yake, langu. Lisipotoka, gesi. Baba mdogo akakubali haraka mno, kama mtu aliyeona hela ya bure. Mama alikuwa anachambua mchele, hakusema kitu.

Nikaanza na fundi mwenye ovaroli safi, anayetokea gereji moja ya kueleweka. Nilikwenda naye nikiwa na mshikaji wangu mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kunisindikiza tu, kuhusu magari hajui hata bonneti inafunguliwa upande gani. Lakini fundi maelezo yote akampa yeye! "Unaona braza, klachi pleti imekwisha." Mshikaji anaitikia kwa kichwa kama profesa. Mimi mwenye hela nimesimama pembeni na pochi.

Akaweka pleti mpya. Na kwa kuwa alikuwa ameshashusha giaboksi, akamwaga oili yote akatia mpya, ile nzito ya namba 140. "Gari la zamani linataka oili nzito," akaniambia. Nikaona jamaa anajua. Laki mbili na ushee zikaondoka. Kuwasha, kukanyaga klachi, rivasi: 'krrrrr!' Vilevile. Na sasa hata gia za mbele asubuhi zilikuwa ngumu, unazisukuma kama unasonga ugali wa msibani. Jamaa akasema itazoea. Sijawahi kusikia chuma kinazoea, lakini alishachukua mshiko wake akala kona.

Wa pili alikuwa kijana wa mtaani kwetu, anafanyia kazi chini ya mkungu jirani na genge la chipsi. Huyu nampa heshima zake, alikuwa na moyo. Aliponiona alisema na mimi, si na mshikaji. "Sista, hii giaboksi lazima ifunguliwe, tuone ndani kuna nini."

Hapa niwaeleze kidogo, maana ndipo kasheshe ilipo. Kwenye magari mengi ya zamani yanayosukumwa na tairi za nyuma, propela inaning'inia wazi chini ya gari. Unafungua nati za krosi, unaichomoa, giaboksi inashuka. 504 sedani haina ustaarabu huo. Propela yake inazungukia ndani ya bomba, na bomba hilo limefungwa kwa boliti kwenye giaboksi mbele na kwenye difu nyuma, vyote vimekuwa mfupa mmoja. Ukitaka kushusha giaboksi unatakiwa uyalegeze mambo ya nyuma, usogeze difu na bomba lake kurudi nyuma, ndipo giaboksi ipate nafasi ya kuchomoka kwenye injini. Kijana hakujua. Alilala chini ya gari kutwa nzima, anavuta, anatukana kwa sauti ya chini kwa sababu mama yupo barazani. Kesho yake akagundua mwenyewe. Ndiyo maana nasema alikuwa na moyo.

Akaifungua. Mwili wa giaboksi ile umegawanyika vipande viwili kama ganda la karanga, unatenganisha unakuta gia zote zimelala. Akaosha, akatazama, akafunga. Siku tatu. Rivasi: 'krrrrr!' Tukalisukuma watu sita hadi barabarani (hilo halihesabiki, baba mdogo alitangaza kabla hatujauliza) tulijaribu kwenda mbele. Gia ya kwanza sawa. Ya pili inaingia, unakwenda hatua ishirini, halafu 'pwa!' mkono wa gia unaruka wenyewe unarudi fri. Kumbuka gia zenyewe za 504 hii ziko pembeni ya usukani, watoto wa mtaa walidhani nawasha indiketa. Kabla hajafungua, gia ya pili ilikuwa hairuki. Nikamwangalia kijana. Kijana akaangalia viatu vyake.

Wa tatu sitaki kumsema sana. Alikuja na begi lenye mashine ya kompyuta, akaingia ndani ya gari akawa anapapasa chini ya dashibodi. Robo saa. Nikamuuliza anatafuta nini. "Natafuta pa kuchomeka, dada." Kwenye gari la mwaka 1979! Nikaishiwa pozi. Alidai nauli, nikampa, kiroho safi, maana ndiye peke yake aliyenichekesha mwezi ule.

Zikabaki siku nane. Nikaenda Shaurimoyo, Ilala, kutafuta giaboksi nzima ya mtumba. Kila duka ninapotaja 504 wananitazama kama nimeulizia mafuta ya taa ya kibatari. Mwuza spea mmoja wa makamo akaacha kula muhogo wake akaniuliza, "Imeharibika kweli au imeharibiwa?" Nikamweleza historia yote ya mafundi watatu. Akasema giaboksi hana, na hata angekuwa nayo asingeniuzia, kwanza niende Tandika nikamwone mzee mmoja. Akampigia simu palepale. Sijui kwa nini hakutaka hela yangu siku ile, lakini nilitoka pale nimepata nguvu.

Mzee nilimkuta barazani kwake na kahawa. Macho yameingia ukungu, anakuona ukiwa karibu tu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda. Alikaa Mombasa miaka mingi, pale Mwembe Tayari, akitengeneza hizo 504 za abiria, na Kiswahili cha kule hakijamtoka.

"Wataka nini, mwanangu?"

Nikaanza: klachi pleti imebadilishwa, oili imebadilishwa... Akanikata. Hakutaka kujua mafundi wamefanya nini. Alitaka kujua gari lenyewe linafanya nini. Asubuhi likiwa baridi, gia ni ngumu kuliko mchana likipata moto? Ndiyo. Rivasi yalia. Na ukiikanyaga klachi mara tatu, nne, kwa haraka haraka, kisha ukatia rivasi, yalia pia? Sijui baba, hatujajaribu. Akanyamaza akanywa kahawa.

"Hatujajaribu," akarudia. Halafu akasimama akatafuta kofia.

Nikampandisha bajaji mpaka Magomeni. Nikamwita na yule kijana wa mtaani, ambaye kwanza alizuga ana kazi, lakini akaja, akasimama mbali na mikono mfukoni. Mzee akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akakaa tu kimya. Akawasha. Injini ikashika mara moja. Akasikiliza.

"Hino injini haikulala miaka yote hiyo. Nani alikuwa aiwasha?"

Nikataka kusema hakuna mtu. Sauti ikatoka barazani: "Mimi."

Ni mama. Kumbe kila Jumapili asubuhi, toka baba afariki, alikuwa anawafukuza kuku, anawasha gari, anakaa humo dakika kumi, anazima, anarudi ndani. Betri ikifa alikuwa anampa mtoto wa jirani hela akaichaji. Na mama hajui kuendesha hata baiskeli. Sote pale tukawa hatuna la kusema. Mzee akasema, "Umefanya jambo la maana sana, mama," kisha akaendelea na kazi yake.

Akakanyaga klachi mara moja, akahesabu hadi tatu, akatia rivasi. 'Krrrrr!' Akarudi fri. Akapampu pedeli haraka haraka mara nne, akashikilia chini, akatia rivasi.

Tii. Ikaingia kama kisu kwenye siagi. Gari likatikisika kidogo kutaka kurudi nyuma. Nilitaka kupiga vigelegele nikajizuia.

Akatueleza bila haraka, na hapa nawaomba hata nyie wa otomatiki msikilize. Gia za mbele zina ringi za shaba zinazoitwa sinkro. Unapobadili gia, ringi inajisugua kwanza kwenye gia inayozunguka, inaisawazisha mwendo, ndipo meno yanaingiana bila kelele. Rivasi ya gari hili haina ringi hiyo. Kwa hiyo rivasi ndiyo shahidi asiyeweza kuhongwa: klachi isipoachia vizuri, pleti inaendelea kuzunguka kidogo kidogo, na rivasi ndiyo ya kwanza kulia. Ukipampu pedeli na kelele ikakoma, ujue ugonjwa hauko kwenye pleti wala kwenye giaboksi. Uko kwenye mfumo wa oili ya klachi. Silinda ya juu, ile inayosukumwa na pedeli, ina vikombe vya raba ndani. Vikizeeka vinapitisha oili ndani kwa ndani, haidondoki chini hata tone, kwa hiyo ukichungulia unaona pakavu, unasema hapa pazima.

Vikombe vya raba, wasomaji wangu! Pleti mpya, giaboksi kushushwa mara mbili, kompyuta, vyote hivyo kwa sababu ya raba za bei ya sahani mbili za wali kuku.

"Na oili humo ndani mumetia gani?" Nikamwambia 140. Mzee akashika kichwa. Kumbe giaboksi ya 504 haili oili ya gia kabisa, inakula oili ya injini! Wenyewe Wafaransa ndivyo walivyoipanga. Ile namba 140 ilikuwa nzito mno, ringi ya shaba haiwezi kuikata haraka ili ikamate gia, ndiyo maana asubuhi nilikuwa nasonga ugali. Akasema tena watu wengi wanachanganywa na namba za kwenye makopo. Namba za oili ya gia na za oili ya injini ni vipimo viwili tofauti, oili ya gia ya 90 uzito wake unakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50, ila ile ya gia huwa imetiwa dawa za kuzuia meno kulika, na oili zenye dawa kali zilizokusudiwa difu hazipatani na ringi za shaba. Mimi nilikuwa nadhani oili ni oili.

Ikabaki gia ya pili inayoruka.

Mzee akatoka ndani ya gari, akafuta mikono, akageuka upande aliosimama yule kijana. Hakumkemea. Akamuuliza kama mtu anayeuliza saa:

"Ulipofunga, palibaki nini?"

Kijana kimya.

"Mimi giaboksi yangu ya kwanza, palibaki shimu mbili na pini. Nikazitupa baharini tajiri asizione. Gari likaenda Voi likarudi limefungwa kamba. Sasa wewe palibaki nini?"

Nilikuwa nimeshajiandaa kumtolea kijana maneno. Wiki nzima nilikuwa nayapanga kichwani, kwa sababu nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Lakini nikaona shingo yake inavyocheza, nikayameza.

"Kigololi," akasema. "Na springi ndogo. Ninavyo, Mzee. Viko kwenye kopo."

Akakimbia kweli hadi kwenye mkungu wake, akarudi na kopo la Kimbo limejaa nati na takataka, akamwaga mbele yetu, akachambua. Kigololi kama punje ya choroko na springi ya urefu wa ncha ya kidole. Hivyo viwili vinakaa kwenye fito inayosogeza gia. Ukitia gia, springi inasukuma kigololi kiingie kwenye kitundu cha ile fito, fito inatulia mahali pake. Bila hivyo hakuna kinachoishikilia, mtikisiko kidogo tu, 'pwa!'

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema. Akaniambia, "Sista, ningekuambia palibaki kitu, ungenipa tena gari la nani?" Sikuwa na jibu. Ningeenda kwa fundi mwingine, na ningemtangaza mtaa mzima, mnanijua.

Basi kazi ikaanza. Siku tano. Mzee amekaa kwenye kigoda, kijana yuko chini ya gari, maelekezo yanakwenda kwa mdomo. "Kabla hujagusa huko mbele, legeza nyuma." "Tia jeki chini ya injini, usiiache ining'inie." Giaboksi ilipofunguliwa Mzee alizipapasa zile ringi moja moja kwa kidole, akizibana kwenye gia yake na kupima kwa ukucha kama bado kuna mwanya. Ya gia ya pili imechoka lakini haijafa, akasema, bado ina safari. Kigololi kikarudi kwao. Vikombe vya raba tukavipata Shaurimoyo kwa kulinganisha vipimo, kwa yule yule mwuza spea, na mara hii alichukua hela yangu vizuri tu. Kijana alitaka kuviosha na petroli, Mzee akapiga kelele mpaka kahawa ikamwagika: raba ya breki na klachi ikionja petroli inavimba, inaoshwa kwa oili ya breki yenyewe. Halafu tukatoa hewa kwenye mfumo, mimi nikikanyaga pedeli. Juu, chini, shikilia. Niliwaumia mguu, lakini hiyo nilikataa mtu mwingine asikanyage.

Siku ya mwisho baba mdogo alifika saa tatu asubuhi na fundi mwashi na lori la matofali. Lori lenyewe likasimama mdomoni mwa kichochoro. Nadhani alifanya makusudi, lakini sina ushahidi.

Nikamwambia, "Shikamoo baba mdogo. Naomba lori lisogee, natoka."

Nikaingia. Mikono inatetemeka, nawaambia ukweli. Nikawasha. Nikakanyaga klachi mara moja tu, nikahesabu hadi tatu kama Mzee, nikavuta ule mkono nikatia rivasi.

Kimya. Nikadhani haikuingia. Nikaachia klachi taratibu na mwarobaini ukaanza kwenda mbele, yaani mimi ndiye nilikuwa narudi nyuma. Kijana anatembea nyuma ya gari anapunga mikono, "Njoo, njoo, kata kulia, kata!" Saiti mira ya kushoto ilibaki ukutani kwa jirani, hiyo nitalipa. Kuku mmoja alikuwa hajashuka, akatoka dirishani nikiwa nusu ya kichochoro. Mama alisimama mlangoni, amejifunga khanga kiunoni, anatazama tu.

Nilipofika barabarani nikatia moja, nikatia mbili. Ikakaa. Nikazunguka hadi msikitini nikarudi, bado imekaa.

Mzee nikamuuliza bei. Nilitegemea atasema yale maneno ya wazee, nipe chochote mwanangu. Akasema, "Laki moja na nusu, na ya bajaji mbali." Nikalipa papo hapo, sikuomba kupunguziwa hata shilingi. Kijana naye akapata chake, na nilipoondoka nilimwacha anaandika namba ya Mzee kwenye simu yake.

Baba mdogo akaja dirishani. Akalitazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Haya, umeshinda. Sasa utalilaza wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa! Mimi ni mpangaji, chumba na sebule Sinza, hata pikipiki pale inalala na mwenyewe. Mpaka naandika haya, Bi Mkubwa analala kituo cha mafuta kwa elfu mbili kila usiku, na mlinzi ameshaanza kulalamika kwamba watu wanakuja kupiga naye picha. Fremu tatu za mama zimeisha, mbili zina wapangaji. Na kila Jumapili saa moja asubuhi, hata nikiwa nimelala alfajiri, simu inaita.

"Umeliwasha?"

Haya, wale wa mapenzi, tuonane wiki ijayo.